Mnatuita siku ya sherehe, mnatukimbia siku ya malipo: kikundi chetu cha dramu kinauliwa na mialiko

Asalaam alaykum ndugu zangu,

Ninaandika nikiwa na hasira, na sioni haya kulisema hilo, kwa sababu jana baada ya Isha niliwakusanya vijana 38 wa kikundi chetu cha dramu na tarumbeta, hapa Ng'ambo, nikawatangazia kwamba safari ya mashindano ya Pemba haipo tena. Wamefanya mazoezi miezi saba. Walikaa kimya, hakuna aliyelalamika, mpaka mpigaji wetu mmoja wa matoazi, mtoto wa miaka 12, aliponiuliza: "Mwalimu, kwani tumekosea wapi?" Mtoto yule sikuwa na jibu la kumpa. Ninyi wakubwa wenzangu ninalo, na ninaliandika hapa kwa urefu.

Hawakukosea popote. Kosa ni letu sisi tunaoipenda ngoma siku moja ya sherehe, kisha tukaiacha ijilishe yenyewe siku zote zilizobaki za mwaka.

Miezi mitatu iliyopita taasisi moja, ambayo siitaji, ilituletea barua ya kutualika tupige katika mapokezi ya mgeni wao. Barua ilikuwa na mhuri na saini, na ndani yake mliandikwa kwamba kikundi "kitakirimiwa ipasavyo". Nilipouliza kwa mdomo nikaambiwa ni shilingi laki sita, fedha ambayo ingetosha nauli ya boti ya sehemu kubwa ya vijana wangu kutoka Malindi hadi Mkoani. Nikaridhika. Sikudai kiasi kiandikwe, kwa kuwa niliona si adabu kumdai mtu mzima maandishi ilhali amekwisha kunipa neno lake, na hilo neno "kitakirimiwa" ndilo lililotuponza, maana halina tarakimu ndani yake.

Tulifika saa moja na nusu asubuhi. Mgeni alifika saa saba kasoro. Kwa muda wote huo vijana walisimama juani wakiwa wamevaa sare za mikono mirefu, na kila gari jeupe lilipoonekana mbali tuliamrishwa tujipange upya. Tulipiga dakika zisizozidi 15, watu wakashangilia, simu zikainuliwa juu, wageni wakaingia ukumbini, na sisi tukaambiwa tusubiri nyuma ya jengo. Niliporudi kutoka kuswali Adhuhuri nikaikuta dramu yetu kubwa ya besi imelazwa ubavu na kugeuzwa meza, juu ya ngozi yake yamepangwa makreti mawili ya soda, na mhudumu mmoja anafungulia chupa hapo hapo. Nilimwomba ayaondoe. Aliyaondoa kwa kuyaburura, na pembe ya kreti ikachana ngozi kutoka karibu na ukingo hadi katikati. Mpigaji wa dramu ile ni kijana wa kidato cha pili ambaye mama yake alimshonea pedi ya begani kwa kipande cha kanga ili mkanda usimchubue. Aliupitisha mkono wake juu ya ule mpasuko, akaufunika kwa fulana yake, akaibeba dramu mpaka kwenye gari, na hakusema neno njia nzima.

Tulipewa soda moja na pakti ya biskuti kila mtu, na shilingi elfu ishirini za gari. Zile laki sita, mpaka leo ninapoandika, hazijaonekana. Nimekwenda ofisini hapo mara tisa. Mara mhasibu yuko safarini, mara fungu limefungwa, mara faili halionekani, mara nije baada ya Iddi. Mara ya tisa, mtu niliyedhani ananionea huruma alinishika bega akaniambia: "Mwalimu, wewe unajua, ngoma ya kitoto haikeshi." Ndugu zangu, methali ile ni ya wazee wetu na ina mahali pake, lakini kumtupia mtu anayekudai si mahali pake. Ngoma ya kitoto haikeshi pale wanapoachiwa watoto peke yao waikeshe.

Sasa niseme jambo ambalo watu wengi hawalijui, kwa sababu kazi yetu huonekana ikiwa imekwisha kuiva. Ngozi ya dramu ya besi ya kisasa haipatikani dukani Darajani kama sahani. Mara zote nilizohitaji ngozi nimelazimika kuagiza kupitia mtu wa Dar es Salaam, kwa kipimo sahihi, na kikikosewa kipimo fedha imepotea. Tuliwahi kujaribu kuwamba kwa ngozi ya mbuzi kwa msaada wa fundi wa ngoma za kienyeji, mzee mwenye mkono mwema kabisa, lakini pete za chuma zenye skrubu hazikutengenezwa kwa ngozi hiyo, na ilipoingia masika ikalegea kiasi kwamba hata kuiotesha moto hakukusaidia. Hewa yetu ya chumvi nayo inakula kila kitu cha chuma: skrubu zinashika kutu, nyaya za chini ya dramu ndogo zinakatika, vali za tarumbeta zinakwama zisipopakwa mafuta kila wiki. Mafuta hayo, mikwiro inayovunjika, usafiri na viatu vyeupe vya gwaride vinatoka mfukoni mwangu na mwa wazazi wawili watatu ambao Mwenyezi Mungu atawalipa.

Mahali pa mazoezi ni kisa kingine. Tulianza katika uwanja wa skuli moja, tukaondolewa kwa sababu ya wanafunzi wa masomo ya ziada, na hilo nilikubali kwa moyo safi. Tukahamia kiwanja cha mtaani, majirani wakalalamika kwa sheha, na wao pia wana haki yao kwa kuwa dramu nane ndogo na besi tatu si sauti ya kuwekea mgonjwa dirishani. Ramadhani nzima hatugusi ngoma, na hivyo ndivyo inavyopaswa. Mitihani ikikaribia siwaiti wale wa kidato cha pili na cha nne. Wasichana wetu tisa nawarudisha mmoja mmoja mpaka mlangoni kabla ya Magharibi, kwa sababu niliwaahidi mama zao. Ukitoa yote hayo, ukatoa na siku za mvua, miezi ya kufundishika katika mwaka ni michache mno, na katika miezi hiyo hiyo ndipo mialiko ya bure inapomiminika, kila mmoja ukitaka "kidogo tu, nyimbo mbili".

Kinachoniuma zaidi ya vyombo ni watu. Mpigaji tarumbeta hafunzwi kwa wiki. Midomo yake yenyewe lazima ikomae, pumzi ijengeke tumboni, ajifunze kutembea kwa hatua sawa huku akipuliza bila sauti kutetemeka. Mimi humpa mtu mwaka mmoja kabla sijamweka mstari wa mbele. Akishaiva, anapata kazi ya hoteli Nungwi au Paje, ama anachukuliwa na bendi ya kikosi fulani yenye mshahara na sare. Sikatai hata kidogo, na kila anayeondoka namwombea dua, kwa sababu kijana hawezi kuoa kwa makofi. Ninachokilalamikia ni kwamba hakuna hata mmoja kati ya wanaowachukua aliyewahi kurudi kuuliza: waliowapika hawa wana mikwiro? Tumetoa wapulizaji watano kwa miaka minne, na hatujapokea hata chupa ya mafuta ya vali.

Tukija kwenye mashindano yenyewe, huko nako hakuna mpango. Katika mashindano mawili tuliyoshiriki hapa Unguja hatukupewa karatasi ya alama kabla wala baada. Tulishika nafasi ya tatu, sikujua kwa nini hatukuwa wa pili, wala kwa nini hatukuwa wa nne. Majaji walikuwa waungwana, lakini mmoja wao aliniambia mwenyewe kwamba aliitwa asubuhi ile ile kwa kuwa aliyepangwa alipata udhuru. Utamfundishaje mtoto kurekebisha kosa ambalo hakuna aliyeliandika?

Nimekuwa nikifuatilia jinsi mambo yanavyoendeshwa Marekani, ambako vikosi vya vijana vya dramu na tarumbeta vina chombo chao, Drum Corps International, ambacho mashindano yake makuu ya kwanza yalifanyika Whitewater, Wisconsin, mwaka 1972. Huko alama ni 100: 40 kwa athari ya jumla ya onyesho, 30 kwa mwonekano na mwendo, 30 kwa muziki. Jaji hurekodi sauti yake akitoa maoni wakati onyesho linaendelea, na walimu hupewa wakasikilize. Hilo halihitaji mabilioni. Linahitaji simu ya mkononi na mtu anayejua anachokisikiliza.

Wala simtaji Mmarekani ili kusema kwake ni peponi. Kijana wa huko mwisho wake ni umri wa miaka 21, hulipa maelfu ya dola ili aingie msimu mmoja, husafiri kwa basi usiku na kulala sakafuni katika kumbi za michezo za skuli. Santa Clara Vanguard, kikosi kilichotwaa ubingwa mwaka 2018, kilishindwa kushiriki msimu mzima wa 2023 kwa sababu ya fedha. The Cadets, kilichoanzishwa mwaka 1934, kilifungwa mwaka 2024 baada ya kesi na kufilisika. Kwa miaka mingi baadhi ya vikosi hivyo viliendeshwa kwa mapato ya kamari ya bingo, njia ambayo sisi hatuipiti na hatuitaki. Basi ikiwa wenye jina la dunia nzima wanayumba hivyo, mnategemea kikundi cha mtaani kiendeshwe kwa biskuti?

Kuna wanaosema kwamba dramu na tarumbeta ni mambo ya kuiga, na kwamba tupige dufu na msewe tuache ugeni. Hao naomba wakumbuke beni, ngoma yetu ya gwaride na tarumbeta. Watu wa mwambao huu walichukua vyombo na gwaride la wakoloni tangu mwisho wa karne ya 19, wakavigeuza vyao, na vyama vya beni vya Arinoti na Marini vikashindana kwa nguo, kwa nyimbo na kwa mwendo kiasi cha kuigawa miji pande mbili. Hapa kwetu beni ya Mbwa Kachoka inapopita Mji Mkongwe kwenye harusi, hakuna anayeuliza imetoka wapi, watu hutoka milangoni wakaifuata. Mashindano ya ngoma za kupuliza na kupiga ni yetu kwa zaidi ya miaka 100. Tofauti ni kwamba wazee wale walichangishana: kila upande ulikuwa na watu wake, na aibu ya kushindwa ilikuwa ya mtaa mzima, si ya mwalimu peke yake.

Mtaniambia niandike maombi ya wafadhili. Nimeandika. Lakini tusisahau kwamba hata Sauti za Busara, tamasha linalojulikana nje ya mipaka yetu, halikufanyika mwaka 2016 kwa kukosa fedha. Mfadhili hujaza pengo, hawezi kuwa ndiye ukuta. Ukuta wetu ungekuwa malipo ya halali kwa kazi ya halali, yaliyoandikwa kwa tarakimu, yanayotolewa siku hiyo hiyo kabla vijana hawajapanda gari. Mpishi wa shughuli hupewa cha mbele. Mwenye maturubai hupewa cha mbele. Mwenye spika hawashi mashine hajaona fedha, na hakuna anayemwita mchoyo. Ni mpiga dramu pekee anayeambiwa kuwa heshima ya kualikwa inamtosha.

Kuanzia leo kikundi chetu hakitoki kwa barua yenye neno "kukirimiwa". Tumeandika karatasi moja yenye mambo manne: kiasi, nusu yake siku tatu kabla ya shughuli, kivuli na maji kwa vijana, na fidia ya chombo kitakachoharibiwa mikononi mwa mwenyeji. Viongozi wa vikundi vingine vya Unguja na Pemba mnaosoma hapa, nawasihi tuitumie karatasi hiyo hiyo sote, kwa sababu mmoja akikubali biskuti, wote tutalishwa biskuti. Nitamtumia yeyote atakayeiomba.

Na leo asubuhi, ndugu zangu, ile ile taasisi imenipigia simu. Wana shughuli nyingine mwezi ujao na wanataka "wale watoto wazuri wa siku ile". Nimemjibu aliyenipigia, kwa adabu, kwamba watoto wapo, dramu kubwa ya besi iko stoo ikiwa na fulana juu ya ngozi, na haitatoka mpaka laki sita zifike pamoja na gharama ya ngozi mpya. Akasema atamwuliza mhasibu.

Mwenye kumjua mtu wa kuaminika anayeuza ngozi za besi za inchi 24, Dar au popote, naomba aniandikie faraghani.