Naomba ushauri: nyanya za bustani ya shule zinanyauka

Habari za leo, ndugu wanachama. Mimi na wazazi wenzangu wanne tunajitolea, kila Jumatano na Jumamosi, kuwasaidia watoto wa darasa la nne na la tano kulima bustani ya mboga katika shule moja ya msingi mjini Morogoro. Mchicha na matembele vinastawi vizuri, lakini nyanya zimeanza kunyauka ghafla zikiwa bado na majani mabichi, na katika matuta 6 tumebakiwa na 2 tu. Tuling'oa miche iliyougua na kuichoma, tukapunguza kumwagilia na kunyunyiza majivu, bila mafanikio. Nilipokata shina na kulitumbukiza katika glasi ya maji safi, ute mweupe kama maziwa ulichuruzika, nami nikahofu kwamba huu ni mnyauko wa bakteria, ambao hukaa ardhini kwa miaka. Kinachoniuma zaidi ni watoto, kwa kuwa kila mmoja alikuwa na mche wake aliouotesha mwenyewe kitaluni.

Naomba kuuliza: je, mahindi yakipandwa katika matuta hayo yatasalimika, na tusubiri misimu mingapi kabla ya kurudisha nyanya? Pia, je, ni salama kupanda nyanya kwenye viroba vyenye udongo uliotoka kwingine, ilhali maji ni ya kisima kilekile? Natanguliza shukrani.