Skafu "za hariri" zimemwaga rangi kwenye kitchen party, viatu vimeachama, nadai hela yetu nablokiwa. Hivi hizi butiki za Insta zinatuonaje?

Wakuu habari za saa hizi. Kwanza nitangulize kabisa, jina la butiki silitaji, mods wataufuta uzi na mimi nataka ukae hapa, ila mwenyewe akipita atajijua maana skrini shoti zote ninazo na voisi noti zake za "mpenzi wala usijali" ninazo.

Iko hivi. Mdogo wangu alikuwa na kitchen party hapa Morogoro, kamati ikanitupia mimi kazi ya kutafuta vitu vya kuvaa upande wetu, mashangazi na madada. Tukakubaliana kila mtu avae gauni lake jeupe alafu tufanane skafu ya maua shingoni na kibanio cha ua kichwani, na wale wanne wanaoingia na bibi harusi wavae viatu vya simpo vyenye ua mbele. Kitu chepesi cha rangi rangi, siyo mambo ya sare ya laki na nusu mtu unaivaa mara moja inaenda kuliwa na panya kabatini.

Ndo nikaingia Insta nikakutana na hii butiki ya Dar. Ukurasa umepangwa mpaka raha, wafuasi kibao, "Samaa Kolekshen imeingia", skafu za rangi ya pichi na njano ya limao, simpo zina maua utadhani yamechumwa asubuhi, wadada wa kizungu wamevaa kofia za ukili wanacheka na upepo. Bei hakuna hata moja. Watu mia wameuliza bei, wote wamejibiwa "njoo inbox dia". Jamani kwani bei ni siri ya kambi? Ila ndo mtindo wao siku hizi, wanakupima kwanza profaili yako ndo wanakutajia.

Na hiyo samaa yenyewe sijui ya nani. Samaa ya Ulaya ni Juni mpaka Agosti, sisi huku Moro miezi hiyo Uluguru inatupulizia baridi watu wanatafuta masweta. Anyway.

Inbox nikapokelewa kama malkia. Skafu 15,000, "hariri mwanana mamii, haipauki, haichuji". Vibanio 5,000, "vya kutengeneza kwa mkono, kila kimoja tofauti na mwenzake". Simpo 35,000, "ngozi". Skafu 12, vibanio 12, simpo pea 4, jumla 380,000 na nauli ya mzigo juu yangu. Nikamwambia hii ni hela ya kamati naomba risiti, akanijibu ukitaka risiti ongeza asilimia 18. Yani TRA wamehangaika miaka yote na matangazo yao ya ukiuza toa risiti ukinunua dai risiti, kumbe kuna watu kwao risiti ni bidhaa nyingine inauzwa pembeni. Nikatuma, na ya kutolea nikaweka.

Mzigo ukaja kwa basi nikaufuata stendi ya Msamvu. Pale mnapajua, ofisi ya vifurushi unasaini kwanza ndo unakabidhiwa, hakuna cha kufungua kukagua. Nafika nyumbani nafungua naona rangi ya pichi hakuna. Njano hakuna. Kuna damu ya mzee, kuna kijani cha chupa, na mbili ni za madoa ya chui ambazo hata kwenye picha zake hazimo! Nikampigia, "aah dia zile ziliisha nikakuchagulia nzuri zaidi". Nani alikuomba unichagulie? Si ungesema zimeisha nikatafute kwingine? Sherehe ilikuwa imeshafika, kurudisha Dar na kusubiri nyingine haiwezekani, na yeye analijua hilo vizuri, tarehe nilimtajia mwanzo kabisa.

Sasa njooni kwenye skafu zenyewe. Nilichomoa uzi mmoja pembeni nikauwasha kiberiti. Hariri ya kweli ukiichoma inanuka kama nywele zinaungua na inabaki majivu ya kusagika, pamba inanuka karatasi. Hii ilijikunja ikayeyuka ikaacha kidonge kigumu cheusi kinanuka plastiki. Poliesta hiyo, tena ile ngumu ya kuteleza haipiti hewa wala hainywi jasho. Mtandio wa namna hiyo Mtaa wa Kongo pale Kariakoo unaupata kwa elfu 4 elfu 5, na muuzaji wa pale angalau hakwambii ni hariri, anakwambia chukua dada mali safi maliza mzigo.

Rangi sasa. Ukumbini joto, feni mbili, watu wamejaa, mama zetu wamecheza singeli mpaka wanahema. Shangazi yangu mkubwa katoka Kilosa kaja na gauni lake jeupe la lesi kashonesha makusudi, mtu wa watu kuanzia shingo mpaka kifuani ametapakaa wekundu kama ametoka kuchinja ng'ombe. Jasho tu hilo jamani, hata maji hayajamwagika! MC akakata muziki akadhani mtu kaumia. Upande wa mume wamekaa pale wanaangalia. Shangazi hakusema kitu, akaivua ile skafu akaikunja vizuri akaiweka kwenye pochi, akaomba kanga, akajifunika akaendelea kukaa. Mimi ndo nilitamani ardhi ipasuke.

Jirani yangu anatengeneza batiki, nilimpelekea moja aiangalie, akailoweka kwenye beseni maji yakawa kama juisi ya rozela. Akanambia hapo rangi imechapwa juu juu haijashikishwa kwa moto wala mvuke, na hawajaisuuza. Yeye batiki zake baada ya kutia rangi anafua, anasuuza, anarudia tena mpaka maji yatoke meupe ndo anaanika, ndo maana batiki yake ya miaka na miaka naivaa bado inang'aa. Na anaiuza bei ya kawaida tu, anakaa kibarazani kwake hana hata Insta. Mtu kama huyo ndo anakosa wateja sisi tunakimbilia picha zenye upepo.

Simpo ndo vichekesho. Zimeandikwa 39 zote kama nilivyoagiza, dada zangu wanavaa 39 kila siku, vidole haviingii. Nikasema labda zinabana tu kwa upya. Nikapima kwa rula ndani, sentimita 23 na kidogo, wakati mguu wa 39 unataka kama 24 na nusu. Nikaangalia ile stika ya namba chini ya soli nikaikwangua na ukucha, chini yake soli yenyewe imechapwa 37. Wakuu, mtu amekaa chini akakata stika akabandika 39 juu ya 37! Hilo siyo bahati mbaya. Hilo siyo "kiwanda kimekosea dia". Zote nane, kulia na kushoto, zina stika.

Wawili walizilazimisha hivyo hivyo kwa sababu ya picha. Mmoja kabla hata keki haijakatwa soli ikaachama mbele kama mdomo wa mamba, ndani ukichungulia ni boksi, karatasi ngumu ile ya katoni imefunikwa na kitambaa cha kung'aa. Ua la mbele lilikuwa limeshikwa na tone la gundi moto na pini moja ya stepla, pini imetokeza kwa ndani imemchana dole gumba. Na hiyo "ngozi" ni ile ngozi bandia inayobanduka magamba, mnaijua, ukiiweka kabatini kwenye unyevu wa Dar miezi kadhaa unakuta imejichuna yenyewe bila hata kuivaa.

Vibanio vya "kutengeneza kwa mkono kila kimoja tofauti" vyote 12 ni mapacha, vimetoka kwenye karatasi moja ya matobo na nyuma pameandikwa Made in China. Sina shida na China mimi, mizigo kibao ya Kariakoo inatoka Guangzhou na Yiwu na tunavaa tunapendeza. Uza kama cha China kwa bei ya cha China, nani atakusema? Usiniambie kuna bibi mahali amekaa anakishona kwa mkono. Tena kama ni maua ya mkono kweli pwani yetu imejaa mafundi, nenda Tanga nenda Unguja uone wamama wanavyofunga kikuba, asumini na rehani na mkadi, unakibana kwenye nywele au kifuani ukipita mtaa mzima wanageuka. Kinanyauka kesho yake ndiyo, lakini hakuna aliyekudanganya kwamba hakinyauki. Na hapa hapa Moro kuna wadada wanatengeneza maua ya vitenge kwa vipande vya mafundi cherehani, bei ya soda mbili. Nimewajua baada ya sherehe, ndo kinachoniuma.

Picha nazo nikazipitisha kwenye Google Lens. Ile ya njano ya limao imetoka kwenye tovuti ya nje huko, ya simpo pia, amekata tu nembo ya pembeni akabandika yake. Kwa hiyo ule mzigo aliouonyesha hajawahi kuushika mkononi, wala skafu "zilizoisha" hazikuwahi kuwepo.

Nikamfuata inbox kistaarabu kabisa, nikamtumia picha ya gauni la shangazi, picha ya stika, video ya beseni. Kwanza akanyamaza, bluu tiki zinawaka tu. Alafu akaja: "Pole mpenzi ila kwa bio imeandikwa mali ikiuzwa hairudishwi". Nikamwambia dada mimi sijabadili mawazo, mimi hujaniletea nilichonunua. Akaniambia "wateja wangu wote wako hepi, wewe una gubu". Kutoka mamii mpaka gubu! Nikaandika komenti kwenye posti yake kwa heshima tu, ikafutwa, nikarudia, nikablokiwa. Nikaingia kwa simu ya dada yangu nikaona kaweka stori eti "wateja wengine wanataka hadhi ya Mlimani City kwa bajeti ya Karume". Wewe dada, mitumba ya Karume ninayovaa mimi soli zake hazina boksi!

Sasa hiyo "mali ikiuzwa hairudishwi" imegeuzwa kuwa aya ya msahafu. Kila duka imebandikwa ukutani, kila bio, na sisi tunainama tunaondoka. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inasema kitu ukikiuza kwa maelezo lazima kiendane na maelezo. Umesema hariri, leta hariri. Umesema 39, leta 39. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 ndo iliyounda FCC, yaani Tume ya Ushindani, na inakataza kumdanganya mlaji kuhusu bidhaa, na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 ina sehemu nzima ya kumlinda anayenunua mtandaoni. Kile kibao kinamfaa mtu aliyenunua gauni jekundu akaamka asubuhi anataka la bluu, huyo mkatalie, sawa. Hakimfunikii mtu aliyebandika stika.

APDETI: Naona kuna mkuu hapo chini anasema "ulijitakia, ungeenda dukani". Mkuu mimi nipo Moro, duka lipo Dar, na hata ningeenda lile halina duka, ana "pikap pointi" tu anakukabidhi mfuko mlangoni. Na kwa nini lawama zije kwangu niliyelipa kamili zisiende kwa aliyekata stika? Hii tabia ya kumgeuzia kibao aliyeibiwa ndo inawapa jeuri hawa watu.

APDETI 2: Dada uliyeuliza kama ni ile butiki yenye kava ya pinki, siwezi kujibu hapa, ila watatu mmeshanifuata inbox na skrini shoti zenu na nyie pia namba za viatu vyenu zimebandikwa stika. Mmoja alinunua mchuchumio, kisigino kimekatikia kwenye ngazi za kanisa. Tujikusanye basi, mmoja mmoja anatublok, ila malalamiko manne yenye ushahidi wa malipo yakifika FCC kwa pamoja siyo rahisi kuyaweka chini ya faili. Majina ya usajili wa zile namba za simu tulizolipia yanatokea kwenye meseji za muamala, msizifute.

APDETI 3: Yule aliyeandika "wivu wa kike, muache binti atafute ugali", sawa, atafute. Na mimi natafuta 380,000 ya kamati maana mweka hazina wetu ni mama mdogo na mnamjua mama mdogo akishika daftari.

Wenye kujua ofisi ya FCC wanapokea malalamiko kwa barua au kuna fomu naomba muongozo. Na kama kuna anayejua namna ya kutoa doa la rangi ya skafu kwenye lesi nyeupe bila kuiunguza na jiki atiririke hapa, gauni la shangazi bado liko kwangu limelowekwa na ananiulizia kila jioni.