Tupeane uzoefu: wenye vitochi Arusha na Moshi, maisha yanaendaje?

Habari za jioni wakuu. Naomba tupeane uzoefu wale tunaotumia vitochi, hizi simu ndogo za batani, iwe kwa kupenda au kwa sababu mfuko umekataa. Mimi niko Pasua, Moshi. Simu yangu ya kupangusa ilidondoka kwenye hiace ya Himo kioo kikaenda chote, fundi akanitajia bei ya kioo nikamwambia ngoja nizunguke kidogo narudi, nikachukua kitochi cha laini mbili pale karibu na stendi nikijua ni cha kusogeza siku tu, mpaka leo ndo hichohicho na wala sina haraka tena.

Chaji naweka Jumapili nikirudi kanisani, katikati ya wiki ndo kinaanza kulalamika. Kikidondoka mfuniko unaenda huku betri kule, unaokota unaunganisha, unaweka saa na tarehe upya unaendelea na safari. Hela zote nafanyia humohumo, *150*00# ya M-Pesa haikuulizi kama una bando. Ila kuandika aisee! Neno "baba" lote liko kwenye batani ya 2, unabonyeza mara mbili unasubiri, moja unasubiri, mbili unasubiri, ukiharakisha inatoka c. "Mama" ni 6, 2, 6, 2 umemaliza. Ndo maana mzee anapigiwa, mama anaandikiwa hahaha.

Leteni zenu, mazuri na mabaya.

BODA WA SAKINA
Mimi ninazo mbili. Smatifoni iko ndani ya koti, naitoa mteja akinitumia lokesheni tu, kitochi ndo cha kazi. Hizi mvua za masika huwezi kupokea simu ya kupangusa na kidole kimelowa, inakata mteja badala ya kupokea, kitochi naingiza mkono mfukoni batani ya kijani naijua bila kuangalia. Halafu wateja wangu wa kudumu nimewawekea milio tofauti, mmoja akibipu asubuhi najua ni yule dada wa Njiro na kumpigia sina haja, nawasha naenda.

MAMA NYANYA, KILOMBERO
Mimi biashara yangu yote iko kwenye kitochi, simu kubwa nimewaachia watoto nyumbani. Nawaambia wenzangu wa sokoni kitu kimoja. Kuna watu wanachukua mzigo, ananiambia mama tayari nimetuma, na kweli meseji inaingia imeandikwa vizuri kabisa Imethibitishwa, umepokea, kiasi, salio, kila kitu. Sasa angalia juu ilipotoka. Meseji ya ukweli ina jina la huduma, ya kwake inatoka kwenye namba ya kawaida ya 07 huko. Mimi kukiwa na watu wengi sisomi hata meseji, naenda kuangalia salio kwanza na mzigo nimeushika. Kuna kijana siku hiyo aliona nabonyeza nyota mia na hamsini akasema anamfuata mwenzake kwenye gari, karoti zangu akaziacha palepale.

Na ile ya "ile hela tuma kwenye namba hii" inaingia sana kwetu wa vitochi, nafikiri wanajua sisi ndo watu wa meseji. Nafuta tu.

MLETA MADA
Mama asante, hiyo ya kuangalia ilipotoka wengi hatuifanyi, tunakimbilia kusoma kiasi. Niongezee tu, mfute meseji za zamani jamani. Kitochi kina nafasi ndogo, na meseji moja ni herufi 160, hizi za miamala ni ndefu zinahesabika mbili au tatu, ukijaza ile bahasha inaanza kupepesa juu na mpya haziingii. Mtu ametuma hela kweli, wewe unamwona tapeli.

MPAGAZI, MARANGU
Mlimani Kilimanjaro kitochi ndo mwenyewe. Baridi inamaliza betri za smatifoni hujawahi kuona, mgeni analala Kibo na simu ina nusu ya chaji anaamka usiku wa kupanda kileleni haiwaki. Dawa ni kulala nayo ndani ya begi la kulalia, iwe kubwa au ndogo, ila kitochi hata ukisahau nje ya soksi asubuhi bado kinakupa simu ya kumpigia mke. 2022 shirika la simu TTCL walipeleka intaneti mpaka Horombo, mita 3,720, sasa hivi wageni wanapiga video na kwao wakiwa wamekaa kwenye kibanda na chai mkononi. Safi, siwaonei wivu. Sisi kundi letu tukifika kambini tunatafuta lile jiwe letu, unasimama upande wa kulia unapata vimstari viwili, unasema tumefika salama, unashuka mwingine apande.

MZAZI, MAJENGO MOSHI
Mabaya naleta mimi maana naona mnasifia tu. Shule anayosoma mwanangu kila kitu ni kwenye kundi la WhatsApp. Kazi za nyumbani wanapiga picha ubaoni wanatuma, kikao cha wazazi humo, michango humo. Nilienda kumwambia mwalimu mimi nina kitochi naomba SMS, akaniambia mama huna hata ndugu mwenye simu? Ninaye, jirani yangu, kila jioni nagonga kwake na daftari la mtoto ninakili hesabu kwenye kioo chake huku yeye anasubiri kuendelea na mambo yake. Ni mtu mzuri hajawahi kuninunia ila mimi ndo naona aibu. Kitochi sikukichagua, na wanaosema kinaleta utulivu wa akili naomba wajue kuna utulivu wa mwenye simu nyingine kabatini.

KIJANA WA KIJENGE
Dada umemaliza. Na kamati za harusi vilevile, unapigwa simu ya kuulizwa mbona kimya kwenye kundi wakati kundi lenyewe hujawahi kuliona. Ila mchango wakitaka wanakumbuka unayo namba haha.

MLETA MADA
Mzazi wa Majengo hapo umenigusa, na mimi nakubali mazuri niliyoandika juu ni ya mtu asiye na mtoto shuleni. Naona kitochi hakina kosa, kupiga kinapiga, hela kinatuma, LUKU nanunua, namba zangu 20 za umeme naandika na kalamu ukutani pembeni ya mita. Tatizo watu wamehamisha mambo ya lazima wakayapeleka sehemu ambayo kitochi hakifiki, na hakuna aliyeulizwa. SMS ya kikao inatumwa kwa wazazi wote kwa hela ya maandazi.

MJUKUU, KIBOSHO
Babu yangu ana kitochi na redio ndogo ya memori kadi, vyote vinatumia betri moja ile ya BL-5C. Zamani alikuwa na betri mbili, moja ikafa, sasa ikifika saa ya taarifa ya habari anatoa betri kwenye simu anaweka kwenye redio. Ukimpigia saa mbili usiku humpati, ukoo mzima tunajua, aliye Dar anajua, aliye Mwanza anajua. Disemba tukirudi nyumbani nilimpelekea betri mpya akaipokea akaifungia kwenye sanduku anasema ni ya dharura. Namba zetu kazihifadhi kwenye laini, majina marefu yanakatika, mimi niko humo kama MJUKUU WA KA, maana yake wa kati, na kuna shangazi yetu anaitwa SHANGAZI MKU hatujui ni mkubwa au mkulima.

FUNDI WA STENDI NDOGO, ARUSHA
Nimesoma zote nachangia kwa upande wa meza. Vitochi bado vinaingia kila siku kwangu, vingi ni betri, tundu la chaji na batani. Mwambie babu hiyo betri iliyo kwenye sanduku aiweke chaji kidogo kila baada ya muda, ikikaa imeisha kabisa miezi mingi haitaamka. Betri ya zamani ukitaka kujua imeharibika ilaze mezani uizungushe na kidole, ikizunguka kama pia ya watoto ujue imevimba, itupe, usiirudishe kwenye simu.

Na zile Nokia 1100 mkiwa nazo ndani msizitupe. Ilitoka 2003, iliuza zaidi ya milioni 250 duniani, na ilitengenezwa kwa mazingira kama yetu kabisa, zile batani zake ni kipande kimoja cha mpira kimefunika vumbi lisiingie, tochi ni kibatani cha C. Mzee mmoja wa Monduli analeta yake kwangu kusafishwa tu, anatoka nayo kwenye ng'ombe imejaa vumbi la nje, ndani nikifungua safi. Hizi mpya za bei rahisi batani zinaanza kugoma mapema, na ikianza namba 5 au 0 usiendelee kubonyeza kwa nguvu, ni uchafu chini ya ule mpira, spiriti na mswaki laini inarudi.

MZAZI, MAJENGO MOSHI
Fundi, yangu mimi ni batani ya 3 na ya nyota, nyota ndo mbaya maana siwezi kuangalia salio. Niliimwagia chai.

FUNDI WA STENDI NDOGO, ARUSHA
Chai ya maziwa au kavu? Kama ya maziwa usiiwashe tena, toa betri, toa laini, ipeleke kwa fundi yeyote hapo mjini aifungue aisafishe na spiriti kabla haijaganda kwenye bodi. Kama kavu bila sukari batani peke yake inatosha. Mpira wa batani mpya ni hela ndogo tu, usikubali akuambie inahitaji bodi.

MZAZI, MAJENGO MOSHI
Ya maziwa, na sukari.