Programu ya R ikigoma tu mnakimbilia "fomati mashine", mmenipotezea wiki tatu na picha zangu za ziwani

Wakuu habari za muda huu, wakubwa wote shikamooni. Naandika nikiwa na hasira na sifichi. Mods naomba msiuhamishe uzi huu kwenye jukwaa la kompyuta, uacheni hapa kwenye elimu maana wanaoumia wako hapa.

Niko masters, nafanya utafiti wa dagaa kwenye mialo ya Ziwa Victoria upande wa Ukerewe. Data nilimaliza kukusanya mwezi wa nane, nimezunguka na mtumbwi, nimelowa, GPS kwenye mfuko wa nailoni, kila mwalo nimechukua pointi. Kilichobaki ni kuingiza kwenye R, programu ya takwimu, nitoe ramani na modeli nimpelekee supavaiza. Handauti tuliyopewa darasani, mstari wa kwanza kabisa wa kazi ni install.packages("rgdal"), yaani weka rgdal, pakeji (nyongeza ya R) ya kusoma data za ramani. Nikaandika kama ulivyo, nikabonyeza Enter, yakaja maandishi mekundu: package 'rgdal' is not available for this version of R.

Hapo ndo mateso yalipoanza. Kwenye grupu la WhatsApp la darasa mtu wa kwanza akasema toleo lako jipya mno, shusha. Nikatoa 4.4 nikaweka 4.1. Sasa pakeji nyingine zikaanza kuniuliza kama nataka zijengwe kutoka kwenye sosi (kodi ghafi ya pakeji), nikajibu yes kwa sababu hakuna aliyewahi kutuambia swali lile lina maana gani, zikasaga dakika kumi halafu non-zero exit status, yaani imeshindikana. Mwingine akasema weka Rtools (vifaa vya kujengea pakeji kwenye Windows), nikaweka Rtools44 kwenye R 4.1, haisaidii chochote, kumbe 4.1 inataka Rtools40 na 44 ni ya R 4.4, kila Rtools ina matoleo yake ya R. Nani alilisema hilo? Hamna. Supavaiza nilipompigia akanijibu tafuta vijana wa IT.

Nikaenda kwa kijana mmoja wa stationery, anatengeneza kompyuta pia. Hata hakusoma yale maandishi, sijui kama aliyaangalia. Kasema Windows imechoka, tufomati, elfu 30. Nikamwambia kuna folda la picha kwenye desktopu asiliguse, akasema usijali kaka nitalibakapu. Narudi jioni, Windows mpya, desktopu tupu. Data za namba nilikuwa nazo kwenye flashi, nashukuru Mungu, ila picha zote za nyavu zimeenda, zile nilizopiga nyavu imetandazwa mchangani na rula pembeni kuonyesha ukubwa wa macho, pamoja na za vichanja vya kuanikia. Siwezi kurudi Ukerewe kupiga tena, hela ya fildi imeisha. Na R nikiiweka upya, mstari ule ule, maandishi mekundu yale yale!

Yani kosa halikuwa kwenye mashine hata siku moja. Nimekaa usiku nimefungua ukurasa wa rgdal kwenye CRAN, ambako ndo pakeji zote za R zinatoka, imeandikwa wazi kabisa kwamba imeondolewa. rgdal, rgeos na maptools zilistaafishwa Oktoba 2023. Aliyekuwa anazitunza, Roger Bivand wa Norway, alitangaza mapema kabisa kwamba anastaafu na watu wahamie pakeji mpya za ramani, sf na terra. Dunia nzima ikahama, handauti yetu imebaki. Ule ujumbe unaosema "for this version of R" ndo unaopoteza watu, unafikiri shida ni toleo lako, kumbe pakeji yenyewe haipo tena kwenye rafu hata uweke toleo jipya la leo asubuhi.

Na tiba ni fupi hivi: palipoandikwa readOGR weka st_read, writeOGR weka st_write, spTransform weka st_transform, zote ziko ndani ya sf. Mistari mitatu! Mhadhiri angetumia nusu saa kubadilisha, badala yake watu zaidi ya ishirini tunahangaika kila mmoja kivyake kila mwaka, na wa mwaka kesho watapewa karatasi ile ile.

Haya, sf nayo ikanisumbua, na hapa wenye intaneti ya kusuasua nisikilizeni vizuri. Faili la sf la Windows ni zaidi ya MB 30. R kwa kawaida inasubiri sekunde 60 tu wakati wa kudaunlodi halafu inakata. Piga hesabu, ili MB 30 ziingie ndani ya sekunde 60 unahitaji nusu MB kila sekunde. Mimi nilipo usiku napata KB 150, kwa hiyo kwenye sekunde 60 nimevuta MB 9 halafu chali, Timeout of 60 seconds was reached, na ukirudia inaanza upya kutoka sifuri. Bando la elfu tano limeishia hapo nikiangalia ule mstari unafika theluthi unarudi mwanzo. Mtu akaniambia humu humu seva zao zimetublock Waafrika. Si kweli, acheni kudanganya watu. Kabla ya kuinstoli andika options(timeout = 1200) bonyeza Enter, halafu ndo uinstoli. Ikaingia mara ya kwanza. Komandi moja tu na mtu ameshaungua bando la wiki nzima.

Ile nyingine ya "is not writable" msikimbilie kufungua kama administreta. R inalalamika kwamba haina ruhusa ya kuandika kwenye Program Files, inakuuliza itumie maktaba yako binafsi, kubali. Ukilazimisha kwa administreta, pakeji zako zinakaa sehemu mbili, kesho matoleo yanaanza kugongana. Na ikigoma kufuta pakeji ya zamani, funga RStudio (programu ya kuandikia R) madirisha yote, fungua upya, uinstoli kabla hujaita library() yoyote, ile komandi ya kuwasha pakeji. Likibaki folda linaloanza na 00LOCK kwenye maktaba, lifute kwa mkono.

Kuna mwenzangu kwenye maabara ya kompyuta ya chuo yeye hata RStudio haikumkubali. Zile mashine ni Windows ya biti 32. R iliacha biti 32 tangu toleo 4.2.0 la 2022, kwa hiyo ya mwisho kwake ni 4.1.3. Amekaa siku nne anabadilisha faili la kuinstoli akidhani limeharibika, na kwenye ukuta wa maabara kuna tangazo linasema R inapatikana. Inapatikana wapi?

Ninachotaka ni hiki. Walimu mnaotoa handauti, jaribuni wenyewe kwenye mashine isiyo na kitu kabla ya kutugawia, na andikeni juu kabisa ni toleo gani la R. Mafundi, mtu akikuletea kosa lisome kwanza, ukiona hujui sema sijui, mteja ataenda kwingine na picha zake zitabaki salama. Na nyie wa "njoo PM nikusaidie elfu 50", R ni bure tangu ilipotoka Auckland, New Zealand, kwa waliyoitunga Ihaka na Gentleman, mnamuuzia mwanafunzi asiye na hela ya kula jibu la mstari mmoja.

MREJESHO: ramani imetoka jana saa saba usiku, mialo yote ipo na Nansio imekaa mahali pake. Bado nina shida ya lme4, pakeji ya modeli, inayosema function 'cholmod_factor_ldetA' not provided by package 'Matrix'. Nilivyosoma, lme4 na Matrix (pakeji ambayo lme4 inaitegemea) zangu hazikujengwa pamoja na inabidi lme4 ijengwe upya kutoka sosi. Rtools44 ninayo na safari hii iko na R yake ya 4.4, naijaribu leo, aliyewahi kupita hapo aniambie kama kuna cha kuangalia kwanza.

Mwenye handauti ya chuo chochote yenye rgdal ndani yake aiweke hapa hapa, nitabadilisha mistari na kuirudisha kwenye uzi huu, sio PM.