Mrejesho: vipande vinavyojirudia kwa rekodi za redio

Wadau, nilikuwa nimeuliza vile naweza pata tangazo moja ndani ya rundo la rekodi za redio za hapa Kisumu bila kukaa na hedifoni siku nzima. Nimejaribu audfprint ya Dan Ellis, programu ya kutafuta kipande cha sauti ndani ya rekodi, kama mlivyosema na imeshika. Hailinganishi sauti yote, inachukua vile vilele vya spektrogramu (mchoro wa masafa ya sauti kadri muda unavyoenda), yaani zile sehemu zenye nguvu zaidi, inaviunga viwili viwili pamoja na pengo la muda kati yao na hiyo ndo alama inaenda kwa databesi, kwa hivyo hata mtangazaji akiropoka juu ya tangazo bado inatambua, na ukiongeza -R kwa amri unaona kipande kimeanzia wapi kikaishia wapi. Aliyenipendekezea Chromaprint, programu nyingine ya kutambua sauti, asante lakini hiyo ni ya kutambua wimbo mzima, vipande vifupi haiviwezi.

Kaseti za benga za mzee ndo zilileta noma, deki ilikuwa inakimbia kuliko spidi ya kawaida na audfprint ikakataa kabisa. Hapo nikageukia Panako ya Joren Six, programu ya kazi hiyo hiyo, yenyewe inavumilia spidi na pichi zikibadilika. Ni ya Java, na kuiinstoli ni kizungumkuti, kuna mtu ameiendesha kwa Windows?