Walimu wa jiografia, tupeane uzoefu: baada ya semina, ni kitu gani kilibaki darasani?

Chorachora (mwanzisha mada)

Wakuu, heshima kwenu. Sote tumeshakaa kwenye mafunzo kazini: mwezeshaji na projekta yake, vikundi vya watu watano watano, bango kitita na kalamu rashasha, jioni cheti cha ushiriki. Kabrasha linaingia kabatini na halitoki tena. Ila mara mojamoja unatoka na kitu ambacho mwaka wa tatu bado unakitumia bila mtu kukusukuma. Hivyo tu ndivyo nataka tukusanye hapa. Sharti ni moja: uwe umekifanya na darasa lako, na ueleze kinavyofanyika ili mwenzio aweze kukijaribu wiki ijayo. Nadharia za ujifunzaji tuziache kwa leo.

Naanza na kontua za ngumi, yaani ile mistari ya ramani inayounganisha sehemu zenye kimo sawa. Mwanafunzi anakunja ngumi na kuilaza juu ya dawati. Anachora duara dogo juu kabisa ya kila kifundo, kisha duara lingine chini yake, kisha mstari unaozunguka vifundo viwili kwa pamoja, na kuendelea kushuka. Kila mstari lazima ukae kwenye kimo kilekile kutoka kwenye dawati, na hapo ndipo ubishi unapoanza, maana wengi hupenda kupandisha au kushusha mstari wanapopitia penye bonde. Akimaliza anakunjua kiganja. Mlima umekuwa ramani. Sasa muulize: ukitaka kufika kileleni bila kuhema, utapitia wapi? Ataonyesha penye mistari iliyoachana, na wewe hujafafanua neno "mteremko mkali" hata mara moja.

Kivuli cha Adhuhuri

Naunga mkono hoja. Mimi kilichobaki ni Eratosthenes, yule wa Alexandria aliyekadiria mzingo wa dunia zaidi ya miaka 2,200 iliyopita. Alijua kwamba siku moja ya mwaka jua huwa la utosi kule Syene, Aswan ya leo, ilhali Alexandria siku hiyohiyo linaegemea kwa takriban nyuzi 7.2. Hiyo ni sehemu moja ya hamsini ya duara, kwa hiyo mzingo ni mara hamsini ya umbali kati ya miji hiyo.

Zoezi hilo tunalifanya na shule rafiki iliyo mbali kaskazini au kusini mwetu, longitudo zikikaribiana. Kila shule inasimamisha fimbo ya mita 1, wima kabisa, na kupima kivuli kila baada ya dakika chache. Usifuate saa ya ukutani. Kivuli kifupi kuliko vyote ndiyo adhuhuri yenu. Pembe wanaipata kwa tanjenti, au kwa wadogo, kwa kuchora pembetatu kwa skeli na kutumia kipimapembe. Chukua umbali wa kaskazini-kusini, zidisha kwa 360, gawanya kwa tofauti ya pembe.

Angalizo kwa walio kwenye tropiki: kivuli cha shule moja kikielekea kaskazini na cha nyingine kusini, pembe zinajumlishwa, hazitolewi. Jibu sahihi ni kama kilomita 40,000. Darasa likipata 44,000, usilisahihishe haraka. Waambie watafute kosa limeingilia wapi: fimbo imeinama? uwanja una mteremko? umbali ulipimwa kwa kufuata barabara? Mimi naona hapo ndipo wanapojifunza zaidi kuliko kwenye hesabu yenyewe.

Mwalimu Mgeni

Sisi simu haziruhusiwi shuleni. Itawezekana?

Kivuli cha Adhuhuri

Inawezekana, mwalimu. Ninyi walimu wawili mkitumiana vipimo jioni inatosha.

Mama Ramani

Mimi zoezi langu ni la mpira mbovu. Wanafunzi wanauchorea mabara, wanaukata, wanajaribu kuutandaza mezani bila kuuchana. Haiwezekani, na hakuna maelezo ya "makadirio ya ramani" (namna ya kuhamishia dunia ya mviringo kwenye karatasi bapa) yanayoshinda dakika hizo. Baada ya hapo natoa ramani ya dunia ya mchora ramani Mercator ya mwaka 1569. Afrika ina takriban kilomita za mraba milioni 30 na Greenland kama milioni 2.2, yaani Afrika ni kubwa karibu mara 14, lakini kwenye karatasi zinaonekana kulingana.

Wengi huishia hapo na kuwaambia watoto kwamba ramani ile ni ya uongo. Siipendi njia hiyo. Mercator aliwachorea mabaharia: ukishika mwelekeo mmoja wa dira, njia yako inatokea kuwa mstari mnyoofu. Kwa kazi hiyo ni ramani bora sana. Kosa ni kuitundika ukutani kufundishia ukubwa wa nchi.

Bamba la Chini

Mama, si bora tutumie ile ramani nyingine ya dunia, ya Gall-Peters, tumalize ubishi?

Mama Ramani

Ile inatunza eneo, mwanangu, ila maumbo inayavuta: karibu na ikweta nchi zinarefuka, karibu na ncha zinabanwa. Weka zote mbili ubaoni uwaulize kila moja inafaa kazi gani. Ubishi ndio tunaoutaka.

Samoa Bila Ijumaa

Yangu fupi. Somo la mstari wa tarehe, ule ambao ukiuvuka tarehe inabadilika, naanza na swali: mtu wa Samoa ambaye siku yake ya kuzaliwa ni 30 Desemba, aliisherehekea lini mwaka 2011? Hakusherehekea. Nchi ilihamia upande wa pili wa mstari, ikalala Alhamisi tarehe 29 na kuamka Jumamosi tarehe 31. Darasa halisinzii.

Kadi Mezani

Mimi natumia fumbo la kadi. Mlipuko wa kipindupindu London, Broad Street, 1854. Kila kikundi kinapewa bahasha ya kadi zilizochanganywa, kila kadi ina taarifa moja. Wafanyakazi wa kiwanda cha bia jirani na pampu ya maji ya mtaa huo hawakufa. Mjane aliyeishi mbali, Hampstead, alikufa. Alikuwa akiletewa maji ya pampu ile kwa sababu alipenda ladha yake. Ongeza kadi zisizosaidia kitu, kama zile za harufu mbaya mitaani, maana wakati huo wengi waliamini hewa chafu ndiyo chanzo. Wanaweka alama za vifo kwenye ramani, kisha wanatetea hoja yao.

Mwishoni nawaambia na hili, ambalo husahaulika: mpini wa pampu ulipoondolewa tarehe 8 Septemba, vifo vilikuwa vimeshaanza kupungua. Waache wabishane John Snow, daktari aliyesema chanzo ni maji ya pampu ile, alithibitisha nini hasa.

Kiti cha Nyuma

Zote nzuri, ila kwangu kilichobadilisha kazi si zoezi. Ni ule utaratibu wa Japani wa walimu kuandaa somo moja kwa pamoja, mmoja akafundisha, wengine wakaketi nyuma wakiwatazama wanafunzi. Rudia: wanafunzi, si mwalimu. Kila mtazamaji anachagua wachache na kuandika wanachosema na kuchora.

Kwenye somo la majira ya mwaka, mwenzangu alimnasa binti mwenye majibu yote sahihi ya mhimili wa dunia ulioinama nyuzi 23.5, lakini pembeni mwa daftari alichora dunia ikisogea karibu na jua wakati wa kiangazi. Mbele ya darasa nisingeliona hilo. Somo lililofuata tukaanza na takwimu: dunia iko karibu zaidi na jua mwanzoni mwa Januari, kama kilomita milioni 147, na mbali zaidi Julai, milioni 152. Sasa elezeni baridi ya Januari huko kaskazini. Yule binti ndiye aliyenyoosha mkono wa kwanza kupinga mchoro wake.

Sharti la utaratibu huu: asiwepo mtu wa kutoa alama. Ukigeuka ukaguzi, kila mmoja ataleta somo la maonyesho.

Mwalimu Mgeni

Shuleni kwetu mwalimu wa jiografia ni mimi peke yangu. Nifanyeje?

Kiti cha Nyuma

Mwombe wa hisabati, ndugu yangu. Anza na somo la kivuli hapo juu, atalipenda. Na asiyejua jiografia humsikiliza mtoto vizuri zaidi, kwa kuwa hana jibu kichwani la kumjazia.