BeagleBone Black inagoma kuwaka bila kadi, naomba ushauri

Wakuu habari za jioni. Nina BeagleBone Black (kompyuta ndogo ya bodi moja) ambayo nataka iwake yenyewe kutoka eMMC (hifadhi iliyomo kwenye bodi) kwa U-Boot (programu ya kuwashia Linux) niliyoijenga mwenyewe.

Nikiweka kadi ya SD na kushikilia kitufe cha S2 wakati wa kuichomeka kwenye umeme, inafika Linux bila shida. Nikiitoa kadi, kwenye waya wa siriali (115200) naona CCCC mfululizo. Ninavyoelewa, ROM (programu ya kudumu) ya chipu ya AM335x imetafuta MLO (sehemu ya kwanza ya U-Boot) imeikosa, sasa inasubiri kutumiwa kwa siriali.

Nilichofanya: niliondoa kinga ya kuandika (force_ro), nikaandika MLO kwenye mmcblk1boot0 (boot0, sehemu maalum ya kuwashia ya eMMC) kwa amri ya dd. Nimeisoma tena na kulinganisha, iko sawasawa. Nimebadilisha hadi adapta ya umeme, wapi!

Maswali mawili tu:

Hivi ROM hii inaisoma boot0 kweli, au MLO lazima iwe kwenye mmcblk1 yenyewe (eneo kuu la eMMC), pale KB 128 kutoka mwanzo?

Kama ni hivyo, u-boot.img (sehemu ya pili ya U-Boot) inakaa KB 384, na yangu ina KB 900 hivi, kwa hiyo itapita MB 1. Patisheni yangu ya kwanza inaanza MB 1, na ina data ninazozihitaji. Niisogeze hadi MB 4, au kuna njia nyepesi zaidi?